Miche 80 ya tufaha tamu katika miinuko ya Buhigwe: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinahusu shamba dogo la matufaha, au maepo kama wanavyoyaita wauzaji wa sokoni, lililoanzishwa kwa miche ya kununua na kufuatiliwa kwa miaka mitano. Jina la mkulima, la kijiji na la muuzaji wa miche yameondolewa. Hesabu za shamba zimetoka katika daftari la mkulima mwenyewe, ambaye aliandika kila alichokifanya na tarehe yake, tabia ambayo ndiyo iliyowezesha uchambuzi huu kuandikwa. Mwandishi alihusika kama mshauri wa kilimo kuanzia mwaka wa pili, na moja ya makosa yatakayoelezwa ni lake.

Usuli

Mkulima, ambaye hapa ataitwa Mwalimu kwa kuwa ndivyo majirani wanavyomwita hadi leo, alistaafu kazi ya kufundisha akarudi kwenye shamba la ukoo katika Wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma, kwenye miinuko inayopakana na Burundi. Shamba liko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 800 juu ya Ziwa Tanganyika, na tofauti hiyo humfanya mtu aliyetoka Kigoma mjini jioni ya mwezi Julai atafute koti. Udongo ni mwekundu na wenye tindikali kiasi. Kahawa, migomba na maharage hustawi. Mvua huanza Oktoba na kukoma Mei, na baada ya hapo hufuata miezi mikavu ambayo mwanzo wake, Juni na Julai, ndicho kipupwe chenyewe.

Wazo la matufaha lilitokana na bei. Katika masoko ya Kasulu na Kigoma tunda moja, aghalabu lililosafiri kutoka Afrika Kusini, liliuzwa wakati huo kati ya shilingi 800 na 1,000, na Mwalimu alipiga hesabu ya haraka ambayo kila mtu hupiga: mti mmoja ukitoa matunda 100, miti 80 ni matunda 8,000. Hesabu hiyo haikuwa na kosa la kuzidisha. Kilichokosekana ni maswali mawili ambayo yangepaswa kuulizwa kabla yake, nayo ni kwamba miti hiyo itachavushwa na nini, na itaamshwaje mahali ambapo hakuna baridi ya kuiamsha.

Jambo hilo la pili linahitaji maelezo kidogo. Mtufaha ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Majani yake hupukutika, macho yake, yaani vichomozo vya tawini vinavyotoa majani na maua, hulala, na usingizi huo huvunjwa na mkusanyiko wa saa ambazo hewa imekuwa chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi. Aina nyingi za nchi za baridi hudai saa kati ya 800 na 1,000. Aina ya Anna, iliyozalishwa nchini Israeli na Abba Stein katika kijiji cha ushirika cha Ein Shemer, hudai saa 300 au pungufu, na ndiyo sababu imesambaa katika nchi za joto. Dorsett Golden, iliyopatikana Nassau katika visiwa vya Bahamas, hudai pungufu zaidi. Kipimajoto kilichotundikwa baadaye chini ya paa la ghala la Mwalimu kilionyesha nyuzi 11 katika usiku wa baridi kuliko yote ya mwaka. Kwa maana hiyo, hata Anna hakupata katika shamba hili saa moja ya baridi anayoidai.

Ununuzi wa miche

Miche 80 ilinunuliwa kwa simu kutoka kitalu kimoja cha nyanda za juu kusini kwa shilingi 12,000 kila mmoja. Muuzaji alieleza kwamba ni "tufaha tamu jekundu, aina ya Anna", kwamba yote imebebeshwa, yaani kitawi cha aina hiyo kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine, na kwamba ingeanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu. Ilisafiri kwa basi kupitia Sumbawanga na Mpanda, ikiwa katika viriba vilivyopangwa ndani ya magunia, na ilifika siku ya tatu ikiwa imechoka lakini hai. Hapakuwa na lebo. Alama pekee ilikuwa doa la rangi nyekundu kwenye kila kiriba.

Mwalimu alinunua aina moja tu kwa makusudi. Alisema kwamba alitaka tunda tamu, na kuchanganya aina nyingine kungempunguzia miti ya tunda alilolitaka. Kwa mtu aliyezoea migomba, ambayo huzaa bila kusubiri chavua ya mgomba mwingine, au kahawa ya arabika, ambayo hujichavusha yenyewe, huo haukuwa ujinga bali uzoefu uliohamishwa kutoka zao moja kwenda jingine. Mtufaha hufuata kanuni tofauti: chavua ya aina yake yenyewe kwa kawaida hukataliwa ndani ya ua, na miti 80 ya Anna, ambayo yote ni nakala ya mti mmoja, kwa mtazamo wa chavua ni mti mmoja.

Upandaji na mchwa

Upandaji ulifanyika katikati ya Desemba. Mashimo yalikuwa na upana na kina cha sentimita 60, nafasi ya mita 4 kwa 4, na kila shimo lilipewa ndoo mbili za samadi iliyooza iliyochanganywa na udongo wa juu. Kazi hii ilifanywa vizuri kuliko nyingine zote katika kisa hiki, na haihitaji maneno mengi.

Ilipofika Juni, Mwalimu alitandaza majani makavu kuzunguka kila mche ili kuhifadhi unyevu, jambo zuri, lakini aliyasogeza hadi yakagusa shina, na kwa ukanda wa Kigoma na Tabora hilo ni sawa na kumwandikia mchwa barua ya mwaliko. Mchwa hupenda kitu kikavu kilichokufa. Wakikimaliza huhamia kwenye gome la mti uliodhoofishwa na kiu. Hadi Septemba miche 11 ilikuwa imekufa, mingi ikiwa imekatwa gome mzunguko mzima usawa wa ardhi. Hatua zilizochukuliwa zilikuwa tatu kwa wakati mmoja: matandazo yalisogezwa kiasi cha shubiri mbili kutoka kwenye shina, kichuguu kilichokuwa mpakani kilichimbwa hadi malkia akapatikana, na miche ikaanza kumwagiliwa kila wiki. Baada ya hapo hakuna mche mwingine uliokufa kwa mchwa. Ni ipi kati ya hatua tatu iliyofanya kazi hatuwezi kusema, kwa kuwa zilifanywa pamoja, ingawa mwandishi angeweka dau lake kwenye maji.

Ukaguzi wa mwaka wa pili

Mwandishi alifika shambani kwa mara ya kwanza katika mwaka wa pili, akiwa ameitwa kwa ajili ya jambo dogo, vidukari sufi waliojificha kama pamba kwenye makwapa ya matawi. Baada ya kuwaona vidukari aliomba kuona shina la kila mti, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti.

Miti 43 kati ya 69 iliyobaki ilikuwa na kovu la kiungo, yaani fundo lililopinda kidogo kiasi cha kiganja juu ya ardhi, mahali ambapo kikonyo, yaani kitawi cha aina inayotakiwa, huunganishwa na shina pokezi, lile la chini lenye mizizi. Miti 26 haikuwa na kovu lolote. Shina lake lilipanda moja kwa moja kutoka ardhini, majani yalikuwa madogo, na vitawi vya chini vilikuwa na ncha kali kama miiba. Hizo ni dalili za mtufaha uliooteshwa kwa mbegu ambao bado uko utotoni.

"Bwana shamba, kwani mbegu ya tufaha tamu haitoi tufaha tamu?" aliuliza Mwalimu.

Jibu ni kwamba kila mbegu ya tufaha ni mtoto wa wazazi wawili, na mtoto halazimiki kufanana na mama. Tunda lake huweza kuwa kali, dogo, au kwa nadra sana zuri, na mti wa mbegu huweza kuchukua kati ya miaka 6 na 10 kabla haujatoa ua la kwanza. Dorsett Golden yenyewe ni mti ulioota kwa mbegu ukatokea kuwa mzuri, lakini huo ulikuwa mmoja. Mwalimu alikuwa na 26, alizozilipia shilingi 312,000 kama miche iliyobebeshwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhusu miti hiyo. Mwalimu alitaka kuing'oa, kwa hasira zaidi kuliko kwa hesabu. Mwandishi alishauri iachwe, kwa sababu mizizi yake ilikuwa na afya na tayari imekaa ardhini karibu miaka miwili. Kilichokosekana kilikuwa juu, na cha juu kinaweza kubadilishwa. Ilikubaliwa kwamba ingebebeshwa upya, ila haikuamuliwa mara moja ibebeshwe aina gani. Kuhusu muuzaji, Mwalimu alimpigia simu mara mbili, akaahidiwa miche mingine, kisha namba ikaacha kupatikana. Hakukuwa na stakabadhi wala lebo ya kupeleka mahali popote, na shauri likaishia hapo.

Maua yasiyoshika

Swali la aina lilijijibu lenyewe mwanzoni mwa mwaka wa tatu. Miti iliyobebeshwa ilikuwa na urefu uliompita mtu, matawi yamesimama wima kama mikuki, na majani ya zamani yalikuwa hayajadondoka, yamekakamaa na kubadilika rangi kuwa ya shaba. Kwenye ncha za matawi ya juu yalitokea maua machache, mawili hapa na matano pale, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Yalipendeza, majirani walikuja kuyapiga picha, na yote yakaanguka. Hakuna tunda hata moja lililoshika.

Kulikuwa na sababu mbili, na ilikuwa muhimu kutozichanganya. Sababu ya uchache wa maua ilikuwa matawi yaliyosimama na macho yasiyoamshwa. Sababu ya maua kutoshika ilikuwa kukosekana kwa aina ya pili. Mtu angeweza kutibu ya kwanza peke yake akapata maua mengi zaidi ya kuanguka.

Kwa hiyo miti 26 ya mbegu ikawa jibu la tatizo jingine. Kwa kuwa ilikuwa imetapakaa shamba zima bila mpango, kuibebesha Dorsett Golden kungempa Anna mwenzake wa kumchavusha karibu kila upande, tena mwenzake anayechanua wakati mmoja naye na mwenye tunda tamu la manjano ambalo nalo huuzika. Safari hii vikonyo havikununuliwa kwa simu. Ndugu wa Mwalimu aliyekuwa safarini nyanda za juu kusini alikwenda kwa mkulima ambaye miti yake ilikuwa na matunda mtini, akaonja, akaonyeshwa mti wenyewe, na vikonyo vikakatwa mbele yake, vikafungwa katika gazeti lenye unyevu na mfuko wa plastiki, na kusafirishwa ndani ya kasha la barafu. Ubebeshaji ulifanywa kwa kupasua shina lililokatwa usawa wa paja na kupachika vikonyo viwili kila upande wa mpasuko, gome la ndani likigusana na gome la ndani. Miti 18 ilishika. Minane ilikauka, na hiyo iling'olewa.

Wakati huohuo matawi ya Anna yalianza kulazwa. Kamba za katani zilifungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa ardhini na kuvuta kila tawi hadi likakaribia kulala. Tawi lililosimama hutumia nguvu kurefuka. Lililolazwa hupunguza mbio zake na kuota vitawi vifupi vya kuzalia. Vijana wa jirani waliita shamba hilo "kambi ya mahema".

Kosa la Agosti

Mwaka wa nne ulikuwa wa kuamsha miti, na hapa ndipo mwandishi alipokosea.

Ilifahamika kwamba katika nchi za tropiki majani huondolewa kwa mkono ili mti uchipue upya. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Batu, karibu na Malang katika kisiwa cha Java, Indonesia, ambako wakulima walio karibu na ikweta kama sisi hupukutisha majani ya aina kama Rome Beauty na Manalagi na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Swali lilikuwa lini. Mwandishi alishauri kusubiri hadi mwanzoni mwa Agosti, kwa hoja iliyosikika kuwa ya busara: miti ipitie kipupwe chote cha Juni na Julai, ijikusanyie baridi yoyote iliyopo, kisha iamshwe.

Hoja hiyo ilikuwa ya nchi nyingine. Jicho la mtufaha, likishakomaa, kwa muda fulani halichipui kwa sababu majani yaliyo jirani nalo yanalizuia, si kwa sababu limelala lenyewe. Majani yakiondolewa katika kipindi hicho, jicho huamka bila kudai baridi. Kipindi kikipita, huingia katika usingizi mzito, na usingizi huo ndio unaodai saa za baridi. Kwa kusubiri hadi Agosti tuliyaacha macho mengi yavuke mpaka huo, yakalala mahali ambapo baridi ya kuyaamsha haiji kamwe. Nyuzi 11 za usiku mmoja wa Julai hazikuwa akiba ya kitu chochote.

Matokeo yalionekana. Baada ya majani kuondolewa, baadhi ya macho yalichanua Septemba, mengine Oktoba, na mengi hayakuchipua kabisa, na matawi marefu yakabaki tupu katikati na majani nchani. Maua ya Dorsett Golden na ya Anna yalikutana kwa siku chache tu. Yalishika matunda 96 kwa shamba zima, na kwa kuwa yalikomaa Desemba na Januari, yalipitia mvua zote: madoa meusi ya ukungu, kuoza kuanzia kwenye kikonyo cha tunda, na siku moja ya mvua ya mawe.

Kisha likaja pigo la sifa. Anna huanza kuwa mwekundu kabla hajaiva, na Mwalimu, akiogopa wezi na ndege, alichuma yaliyobaki mara tu yalipowiva kwa rangi. Alimpelekea mwenye duka la matunda Kasulu, ambaye aliuma moja, akakunja uso, akasema, "Mzee, hili umeniambia ni tamu?" Lilikuwa kali kama ndimu changa. Aina ilikuwa ni ileile iliyosifiwa. Ilichumwa wiki mbili kabla ya utamu wake.

Mei

Katika mwaka wa tano uamuzi ulikuwa kupukutisha majani mwanzoni mwa Mei, mvua zikielekea ukingoni, macho yakiwa yamekomaa lakini majani bado ni mabichi na yenye kazi. Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hiyo ya usingizi wa macho. Ya pili ni ya kalenda: maua ya Juni yangezaa matunda ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, ambayo yangekua na kuiva katika ukavu, mbali na ukungu na mvua ya mawe. Gharama ya uamuzi huo ilijulikana mapema, nayo ni maji, kwa kuwa tunda lote lingekuzwa katika miezi isiyo na tone la mvua.

Mwandishi, baada ya aibu ya mwaka uliopita, alitaka miti yote ipukutishwe Mei. Mwalimu ndiye aliyekataa. Alitaka miti 12 iachwe hadi Agosti kama mwaka wa nne, "ili safari hii tujue, tusibahatishe tena." Alichagua 8 ya Anna na 4 ya Dorsett Golden, katika mistari tofauti. Miti 49 ilipukutishwa Mei kwa mkono, jani moja moja, kazi iliyochukua watu wanne siku tatu. Kunyunyizia myeyusho wa urea ili kuunguza majani kulifikiriwa, lakini kwa miti michache kiasi hicho mkono ulitosha, tena mkono haukosei kipimo.

Macho yalianza kuvimba katika wiki ya tatu. Uchanuaji wa aina zote mbili ulianguka ndani ya siku kama 18, kuanzia mwishoni mwa Mei. Mizinga mitatu ya magome, ambayo mjomba wa Mwalimu alikuwa nayo kwenye miombo bondeni, ilisogezwa usiku hadi kando ya shamba, na kwa kuwa maua mengine yalikuwa haba wakati huo, nyuki hawakuwa na sababu ya kwenda mbali. Matunda yalipofikia ukubwa wa gololi yalipunguzwa hadi moja kwa kila kishada, kazi iliyomuuma Mwalimu kuliko zote. Alikiri kwamba jioni moja aliyaokota yaliyotupwa akayahesabu.

Umwagiliaji ulikuwa lita 40 kwa mti kwa wiki. Vijana wawili walibeba maji kwa madumu kutoka kijitoni kwa wiki 17, wakiyamimina katika ndoo zilizotobolewa chini ili yadondoke taratibu badala ya kutiririka juu ya udongo.

Kuhusu uchumaji, kipimo cha rangi nyekundu kiliachwa. Kila wiki matunda mawili kutoka miti tofauti yalikatwa katikati na kupakwa tincha ya iodini, ile ya vidonda inayouzwa duka la dawa. Wanga hugeuka mweusi kwa iodini, na tunda linapoiva wanga wake hugeuka sukari. Kwa hiyo nyama iliyokuwa nyeusi tupu iliambiwa isubiri, na weusi ulipobaki nje tu karibu na ganda, uchumaji ulianza. Mbegu nazo zilikuwa zimegeuka kahawia, na rangi ya chini ya ganda ilikuwa imetoka kijani ikawa manjano. Matunda yaliyokwisha kukatwa na kupakwa dawa yalitupwa, hayakuliwa.

Mavuno na hesabu

Miti 49 ya Mei ilitoa matunda 1,312, wastani wa karibu 27 kwa mti, ijapokuwa minane haikuzaa kabisa na michache ilivuka 60. Miti 12 ya Agosti ilitoa 71, wastani wa 6. Matunda 1,040 yaliuzwa kwa shilingi 500 kila moja, jumla shilingi 520,000; mengine yaliliwa na ndege, na wajukuu, na wageni waliokuja kuhakikisha kama kweli.

Kwa upande wa pili wa daftari, fedha taslimu iliyotumika tangu mwanzo ilikuwa shilingi 1,770,000: miche 960,000, usafiri wake 110,000, uchimbaji wa mashimo 120,000, samadi 180,000, vikonyo na safari yake 145,000, na ubebaji wa maji 255,000. Nguvu ya familia haikuhesabiwa. Shamba, kwa hiyo, halijarudisha mtaji, na kwa mwaka mmoja wa mavuno karibu nusu ya mapato ilimezwa na maji.

Bei ya shilingi 500 nayo ina maelezo. Anna hulainika haraka likikaa nje ya jokofu; baada ya siku chache kwenye joto la kawaida huanza kuwa la ungaunga. Wenye maduka walilijua hilo katika shehena ya kwanza, wakashusha bei. Mwalimu alipoacha kupeleka magunia makubwa Kasulu na kuanza kuchuma mara mbili kwa wiki kwa wanunuzi wa vijiji vya karibu, matunda hayakurudishwa tena.

Uchambuzi

Jambo lililoamua sehemu kubwa ya kisa hiki lilifanyika kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Miche ilinunuliwa kwa jina la tunda. Utamu ulielezwa, miche haikukaguliwa. Kukagua hakukuhitaji utaalamu: kovu la kiungo linaonekana kwa macho, na mtu mwenye simu ya picha angeweza kuomba picha ya shina la miche kumi iliyochaguliwa na mtu mwingine, si na muuzaji. Kuuliza jina la shina pokezi pia kungefichua mengi, kwa kuwa mwenye kitalu anayebebesha kwa kweli hulijua. MM106, kwa mfano, ambayo hutumika sana, huvumilia vidukari sufi lakini huoza shingo kwenye udongo unaotuama maji, na mnunuzi mwenye shamba la bondeni ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa. Hadi leo Mwalimu hajui miti yake 43 imesimama juu ya shina gani. Kuwapo kwa vidukari wale kunaashiria kwamba huenda si MM106, lakini ishara si lebo. Nchini Tanzania kazi ya kusimamia ubora wa mbegu na miche ni ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na stakabadhi pamoja na lebo ndivyo vitu ambavyo mlalamikaji angekuwa navyo mkononi.

Kosa la kupanda aina moja tu ni la namna nyingine, kwa sababu muuzaji mwaminifu kabisa angeweza kuuza miche 80 halali ya Anna na shamba lingebaki bila tunda. Bahati ya ajabu ya kisa hiki ni kwamba udanganyifu ulitibu kosa: laiti miche yote ingekuwa imebebeshwa kama ilivyoahidiwa, Mwalimu angelazimika kukata miti mizuri ili kupata nafasi ya mchavushaji. Hilo halimpunguzii muuzaji lawama, lakini linaeleza kwa nini uamuzi wa kutong'oa miti 26, uliochukuliwa kwa sababu nyingine kabisa, ulikuja kuwa uamuzi wenye faida kubwa kuliko yote.

Kuhusu Agosti na Mei, tofauti ya matunda 27 na 6 isichukuliwe ilivyo. Miti ya Agosti ilichanua wakati mizinga ilikuwa bado pale, lakini maua yake yalikuwa machache na yaliyotawanyika, na matunda yake yalipata mvua na mawe, kwa hiyo sehemu ya pengo ni ya hali ya hewa. Kipimo cha haki zaidi ni idadi ya macho yaliyoamka. Mwalimu alihesabu kwenye matawi mawili ya kila mti wa majaribio na idadi kama hiyo ya matawi ya miti ya Mei: miti ya Mei iliamsha zaidi ya nusu ya macho, na ya Agosti haikufikia robo. Ni shamba moja na mwaka mmoja, ila mwelekeo unalingana na tunachokijua kuhusu usingizi wa macho, na mwandishi hatashauri tena Agosti kwa miinuko hii.

Kilichobaki bila jibu zuri ni maji. Uchaguzi wa Mei umehamisha tatizo kutoka kwenye ukungu hadi kwenye madumu, na mtu asiye na kijito au mtaro wa karibu angeshindwa mwezi wa pili. Kwa Tabora, ambako kiangazi ni kirefu, joto ni kubwa zaidi na shamba liko mita kama 1,200 tu juu ya bahari, mwandishi asingependa mtu aige kisa hiki kwa miti 80. Kwa miti minne ya uani, miwili ya kila aina na karibu na bomba, labda.

Mwalimu ameanza kitalu chake mwenyewe nyuma ya jiko. Ameotesha mbegu kwa ajili ya mashina pokezi, anabebesha vikonyo vya miti 9 aliyoivuna na kuiandika, na kila kiriba kina kipande cha bati kilichochongwa kwa msumari jina la aina, namba ya mti mama na tarehe. Jirani wa kwanza aliyekuja kununua aliomba apewe miche 10 ya ile tamu nyekundu peke yake, na Mwalimu akamwambia hauzi chini ya aina mbili.